Je, Raha kwa Wote Yatosha Kujenga Jamii?

Katika matanga ya jirani yetu mmoja hapa Kerenge, wanaume walipokuwa wamekaa chini ya mwembe wakingoja zamu zao za kuchimba kaburi, kijana mmoja aliyerudi karibuni kutoka mjini alitoa swali ambalo wazee waliokuwapo hawakulipenda. Alisema: "Wazee wangu, tangu utoto wetu mmetufundisha uvumilivu, kazi na kujinyima. Sasa tuseme wataalamu wanapata njia ya kumpa kila mtu raha, tajiri na maskini sawasawa, wala hapana mtu wa kuumizwa kwa ajili ya mwenzake. Njaa imekwisha, maumivu yamekwisha, huzuni imekwisha. Je, hiyo siyo jamii tunayoitafuta siku zote? Na kama siyo, itakuwa imekosa nini?"

Mzee mmoja alimkemea, akasema kwamba msibani si mahali pa kuzungumza habari za raha. Kwa heshima zote, nadhani mzee wetu alikosea. Swali hili likiulizwa arusini, kila mtu atalijibu kwa wepesi na kurudi kwenye sinia lake. Likiulizwa penye kaburi lililo wazi, latudai jibu la kweli. Nilitoka pale bila kumjibu kijana yule jibu linaloniridhisha mwenyewe, na maneno haya ni jaribio la kulipa deni hilo.

Kwanza yatupasa tumtendee haki. Raha si adui wa mwanadamu. Mtoto ashibaye na kucheka, mkulima akaaye kivulini baada ya palizi, mume na mke wafurahianao, vijana wachezao ngoma mwezi ukiwa mpevu: asemaye kwamba mambo hayo ni maovu hakumfahamu Muumba aliyeyaweka. Bwana wetu katika arusi ya Kana hakuwahubiria wageni ubora wa maji. Aliwapa divai, tena divai njema. Na kijana anayo sababu nyingine ya kuwashuku wahubiri wa kujinyima. Watu wa nchi hii wamehubiriwa kazi na mabwana wengi. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na reli kutoka Tanga ikafika Korogwe mwaka 1902, na tangu hapo mara nyingi aliyesifu jasho alikuwa yule alipataye faida yake, siyo yule alitokwaye nalo. Mwanadamu aliyechoshwa kwa faida ya mwingine ana haki ya kuuliza kwa nini asistarehe.

Wala swali lake si geni. Mwingereza Jeremy Bentham, aliyefariki mwaka 1832, alifundisha kwamba sheria na serikali zipimwe kwa jambo moja tu: kadiri zinavyoongeza raha ya watu na kupunguza maumivu yao. Tusimdharau mtu huyu. Kwake yeye raha ya mchunga mbuzi ilihesabiwa sawa na raha ya mfalme, na kwa kipimo hicho alizishambulia adhabu za kikatili zilizokuwa desturi ya nchi yake. Hayo yalikuwa mema. Lakini kipimo kilicho kizuri cha kumzuia mtesaji si lazima kiwe msingi mzuri wa kujengea nyumba. Bildi hupima kina cha maji, wala hapana ajengaye jahazi kwa bildi.

Mwaka 1974 Mmarekani Robert Nozick aliwawekea wafuasi wa fundisho hilo mtego wa ajabu. Aliwaambia wafikirie mashine ambayo mtu akiunganishwa nayo ataona moyoni kila raha aipendayo: atajiona ameandika kitabu kikubwa, amepata rafiki, amependwa, na kumbe amelala tu bila kutenda lolote. Je, mngekubali kuingia humo maisha yenu yote? Watu wengi waulizwapo husitasita, na kusitasita huko kwafaa kuchunguzwa. Maana kama raha ndiyo yote tuitakayo, hakuna sababu ya kusita. Yaonekana twataka kuwa na rafiki, wala haitutoshi kuona kana kwamba tunaye. Mtakatifu Thomas wa Akwino, miaka ipatayo mia saba kabla yake, alikuwa amekwisha kusema kwamba raha ni kitu kifuatacho jema lililopatikana. Jema hutangulia, raha hulifuata. Akamataye kinachofuata na kuliacha linalotangulia amekamata kivuli cha mnazi akidhani atakunywa dafu.

Lakini hoja za vitabuni hazimtoshi kijana wa Kerenge, nami sipendi kumjibu kwa mashine ya Marekani. Nataka kumwonyesha jambo lililopata kuonekana katika pwani yetu na katika mkoa wetu huu wa Tanga.

Mwishoni mwa karne ya 19 ilizuka katika pwani ya Kenya ngoma iliyoitwa beni, ikaigiza bendi za kijeshi za Wazungu. Iliingia Tanga, ikapanda bara mpaka mijini na penye makambi ya wafanyakazi, na baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 ikaenea nchi nzima. Palikuwa na pande mbili mashuhuri, Marini na Arinoti, zikishindana kwa mavazi, kwa nyimbo na kwa karamu. Wachezaji walikuwa na wafalme wao, majenerali wao, hata madaktari wao, wote wa kujipa wenyewe. Serikali ya kikoloni iliwatazama kwa mashaka, na wamisionari wengi, tukiri, hawakuwapenda. Kwa nje yote yalikuwa raha tupu: makarani, askari wa zamani, maboi na vibarua, watu waliotawaliwa siku sita za juma, ambao siku ya saba walijifanya watawala.

Sasa tazama ndani yake. Vyama vile vilikuwa na michango. Mwenzao akiugua, walimwuguza. Akifungwa au kuishiwa, walimsaidia. Akifa mbali na kwao, walimzika. Hilo la mwisho lilikuwa zito kuliko tunavyoweza kulifikiri leo. Kufa ugenini, mahali ambapo hapana hata mmoja ajuaye jina la baba yako, kulikuwa hofu kubwa ya msafiri wa kazi. Na sidhani kwamba yule aliyejiita jenerali siku ya sikukuu alikuwa na raha yoyote alipobeba jeneza la mwenzake siku ya kazi. Alilibeba kwa sababu alikuwa amekwisha kuwa mtu wake.

Hapo ndipo nionapo jibu likianza. Raha iliwaleta pamoja watu wale, lakini haikuwa raha iliyowashika. Raha yavuta, haifungi. Ngoma ikikoma, kila mmoja ana ruhusa ya kwenda zake, wala hapana awezaye kumlaumu. Ama mchango wa mgonjwa, huo humfuata mtu mpaka nyumbani kwake na kumgongea mlango. Beni ingalikuwa ngoma tu, ingalikwisha pamoja na vumbi la uwanja. Kwa kuwa ilikuwa pia deni kati ya watu, iliishi miongo mingi.

Walikuja baadaye watu wengine ambao hawakupewa hata nafasi ya kujifunga hivyo kwa urahisi. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na malori na magari-moshi yakaleta wanaume kutoka Kigoma, Songea, Njombe, Burundi na Msumbiji. Wenyeji waliwaita manamba, maana kila mtu alikuwa na namba. Kazi ilihesabiwa kwa kipande cha siku 30. Vita vya Korea vilipoanza mwaka 1950 bei ya mkonge ilipanda mno, na mashamba yakastawi kuliko wakati wowote uliotangulia. Siku ya mshahara palikuwa na pombe, na ngoma, na vitu vya dukani. Wapo wazee walioikumbuka miaka ile kwa furaha, nami siwakatalii. Lakini mwanamume aliyekuwa na fedha, pombe na ngoma, hali mkewe na wanawe wako umbali wa safari ya siku nyingi, alikuwa mtu aliyepewa raha badala ya maisha. Mwenye shamba hakuhitaji kuwa mkatili ili mpango huo uende. Ilitosha afungue kilabu karibu na kambi.

Neno hili, kupewa raha badala ya kitu kingine, naomba msomaji alishike.

Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, lilisema wazi jambo ambalo wengi walilisoma haraka haraka. Lilisema kwamba wanawake wa vijijini ndio wafanyao kazi kuliko watu wote wa Tanzania, pengine saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu. Na kwamba wanaume wa vijijini wako kama likizoni nusu ya maisha yao, nguvu zao zikipotea katika porojo, ngoma na pombe. Wanaume wengi walichukia maneno hayo, jambo ambalo kwa maoni yangu lilikuwa dalili kwamba yamewafikia. Maana yake ni kwamba jamii ya raha haikuwa ndoto ya wataalamu wa kesho. Ilikuwapo, tena haijaondoka: jamii ya raha ya nusu ya watu, ambayo maji yake huchotwa na nusu ya pili. Kijana wetu aliweka sharti kwamba hapana mtu wa kuumizwa. Sharti hilo ni jema, lakini limebeba mzigo mkubwa kuliko swali lenyewe. Kila asifuye starehe ya mahali fulani aulizwe kwanza nani aliyeamka saa kumi ya usiku.

Atajibu, na najua atajibu, kwamba mashine zitachota maji. Na iwe hivyo. Mama zetu watashukuru. Hata hivyo swali halijakwisha, kwa kuwa lipo jambo la pili: nani atakayeigawa raha hiyo?

Watu wa milima ya Usambara wana kisa kinachohusu jambo hili, nacho Abdallah bin Hemedi alikisimulia kwa urefu katika kitabu chake cha Habari za Wakilindi. Mbegha, mwindaji aliyefukuzwa kwao Ungulu, alifika kwa Washambaa akiwa na mbwa wake na mikuki yake. Aliua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akagawa nyama bure kijiji kwa kijiji. Watu walifurahi, wakala, wakamsifu, na mwisho wake wakamfanya mtawala wao huko Vugha. Simlaumu Mbegha, masimulizi yamsifu kuwa mtu mwema na mwenye hekima. Nasema tu kwamba nyama ilikuwa imefungua mlango ambao baadaye walipita wengine wasiokuwa na wema wake. Mjukuu wa ukoo ule, Kimweri, alipofariki mwaka 1862, wana na wajukuu wake walipigana, na katika vita vile walikamata raia na kuwauza. Agawaye raha hufanyika bwana wa wapokeao. Na waliozoea kupokea huwa wamekwisha kusahau namna ya kukataa.

Washambaa wenyewe walilijua hilo, maana hawakumpima mfalme kwa nyama. Walikuwa na maneno mawili ambayo wazee bado huyakumbuka: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Nchi imepona mvua zinyeshapo kwa majira yake, chakula kikawamo ghalani, watoto wakazaliwa na kukua, na mashindano ya wenye nguvu yakatulia chini ya mmoja. Nchi imeharibika wenye nguvu wakishindana, mvua ikakosekana, na mnyonge akawa hana wa kumkimbilia. Ona kwamba neno lenyewe ni la mganga. Mgonjwa aliyelewa haoni maumivu, lakini hapana mganga amwambiaye mkewe kwamba amepona. Katika nchi iliyopona raha zimo, tena nyingi. Ila hazikuwekwa chini ya nyumba kama msingi. Ziko juani, zimeanikwa uani, mtu huziona apitapo.

Mfano wa karibu zaidi ni ule wa viroba. Kwa miaka kadhaa pombe kali iliuzwa nchini mwetu katika vipakiti vidogo vya plastiki, kwa bei ambayo hata asiye na kitu aliimudu, vikitosha mfukoni mwa shati. Hapakuwa na raha iliyogawanyika kwa usawa kuliko ile. Mpiga debe aliipata, mchimba mchanga aliipata, mwanafunzi naye aliipata. Tarehe 1 Machi 2017 serikali ilivipiga marufuku, kwa kuwa viliwaharibu vijana na kuchafua nchi. Ilitenda vema, ingawa mimi si miongoni mwa wale waaminio kwamba sheria yaweza kuikausha kiu. Sheria ya kuzuia gongo ilitungwa mwaka 1966, na gongo ingali ikinywewa. Swali langu ni jingine. Kijana yule aliyekunywa kiroba saa mbili asubuhi penye kituo cha basi alikuwa anataka nini kabla hajakinunua? Alitaka kazi. Alitaka kuoa. Alitaka jambo la kuwaambia wazazi wake. Kiroba hakikumpa hata moja katika hayo. Kilimwondolea uchungu wa kuyakosa, na pamoja na uchungu kikamwondolea sauti ya kuyadai. Leo kiroba hakipo, lakini simu iko mkononi, na ndani yake michezo ya kubahatisha na picha zisizokwisha. Sina ugomvi na simu, nami ninayo. Lakini nimeona mkutano wa kijiji ambao vijana wake walikuwapo kwa miili tu, hali lililozungumzwa lilikuwa ardhi yao wenyewe.

Jamii iliyojengwa juu ya raha kwa wote itakuwa basi jamii isiyo na malalamiko. Watawala wengi wangeifurahia. Maumivu ya mwili hutuambia kwamba mguu umevunjika, na mwenye ukoma asiyesikia maumivu huunguza vidole vyake motoni asijue. Vivyo hivyo uchungu wa watu ni habari. Waondolee uchungu bila kuwaondolea kisa chake, nawe umewaacha wakiungua.

Kijana, kwa kuwa ni mwerevu, hakuishia pale. Nilipomweleza baadhi ya mambo haya jioni ile, alinikumbusha sharti lake: "Mzee, mimi sikusema kulewa. Nimesema njaa imekwisha kweli, dhuluma imekwisha kweli. Imebaki huzuni peke yake. Hiyo nayo tukiiondoa, nani atakayelalamika?"

Tulikuwa tumekaa mahali tulipoweza kuwaona wanawake ndani ya ua. Mama wa marehemu alikuwa amekalia mkeka, mgongo wake ukiegemezwa na dada yake, hajala tangu jana yake. Nilimwambia kijana: "Chukua dawa yako hiyo, mwanangu. Haina madhara, haina bei. Mpelekee yule mama, umwambie kwamba akiinywa, kufumba na kufumbua hataona huzuni yoyote kwa ajili ya mwanawe. Atacheka kama kawaida, na kesho atakwenda shamba. Mimi nitakungoja hapa."

Hakuinuka. Baada ya kitambo alisema kwamba mama yule angemfukuza.

Naamini angemfukuza. Yule mama alitaka kufarijiwa, na ndiyo sababu nyumba yake ilijaa watu. Lakini hakutaka kuondolewa huzuni kwa njia ya kuondolewa mwana. Huzuni ile ilikuwa ndiyo sura ya mapenzi yake wakati mpendwa hayupo. Ukiifuta hiyo, hukumwacha yeye na mapenzi yake akiwa na nafuu. Umefuta vyote viwili. Na wale waliolala chini kwenye mikeka usiku ule kwa ajili yake, Waislamu na Wakristo, waliochanga unga na sukari na kutoa ubani, walikuja kwa kuwa kuna jambo la kulizunguka. Katika jamii ya kijana wetu hapana ambaye angekuja, wala hasingekuwa na ubaya wowote katika kutokuja kwake, maana hapana ambaye angehitaji kujiwa. Kila mtu angeridhika mahali alipo. Huku kuridhika kwa watu wasiohitajiana, ambao hapana hata mmoja anayeweza kukosekana, ndilo jambo lililokuwa likinitisha tangu aliposema, ila sikuwa nimepata njia ya kulitaja.

Yapo maumivu tunayopaswa kuyapiga vita mpaka yakome, na hayo ni mengi kuliko tunavyokiri: mama afaye katika kujifungua, mtoto alalaye na njaa, kibarua asiyelipwa. Asije mtu akaitumia hoja hii kuwatuliza hao. Wala sijui kama kijana aliridhika. Alisema kwamba atafikiri, na kwamba bado yapo mambo ya kunijibu. Wakati huo waliita zamu nyingine kaburini, kwa kuwa walikuwa wamefika penye mwamba. Alivua shati lake la mjini, akalitundika kwenye tawi la mwembe, akaomba sururu.